GI na kitambi: jinsi ya kuitumia bila jedwali kukuingiza mjini

Niseme ukweli, hii GI (glycemic index, namba inayoonyesha chakula kinapandisha sukari ya damu kwa spidi gani) ilininenepesha kwanza kabla haijanisaidia. Nilipata jedwali mahali nikaona karanga ziko 14 huko chini wakati wali uko 70 na kitu, nikasema kumbe! Basi kila jioni mfuko wa karanga mbele ya tivii, mpira haujafika mapumziko gramu 200 zimeisha, na kwakuwa "ziko chini" wala sihesabu. Miezi miwili baadae mizani imeongezeka kilo nne. Gramu 100 za karanga zina kalori kama 570, zidisha mwenyewe.

Kwahiyo kabla hujaanza jua hiyo namba inapima nini. Mwaka 1981 David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto kule Kanada walikuwa wanatafuta chakula cha kuwafaa wagonjwa wa kisukari, habari za kitambi hazikuwepo. Unapewa chakula chenye wanga gramu 50, unapimwa sukari ya damu kwa masaa mawili, alafu wanalinganisha na siku uliyokunywa glukosi tupu ambayo yenyewe ndo 100. Kuanzia 55 kushuka ni ya chini, 56 mpaka 69 ya kati, 70 kwenda juu hiyo inapandisha sukari fasta. Ni spidi tu hiyo. Haikwambii chakula kina mafuta kiasi gani wala wewe umejaza sahani kiasi gani.

Ndo maana zege (chipsi mayai) inaweza kukudanganya vizuri kabisa. Mafuta yanachelewesha chakula kutoka tumboni, so kwenye majedwali mengi chips zinaonekana afadhali kuliko viazi vya kuchemsha, na aisikrimu nayo iko chini ya viazi vya kuchemsha, sasa niambie nani amepungua kwa aisikrimu. Upande wa pili tikiti limeonewa, limewekwa 70 na kitu watu wakaliogopa, wakati kipande cha gramu 120 kina wanga kama gramu 7 tu. Chukua hizo 7 zidisha kwa 72, ndo GI yake, gawa kwa 100 unapata 5, hiyo ndo inaitwa mzigo wa glaisemiki, yaani spidi pamoja na kiasi ulichokula, na chini ya 10 ni mdogo. Fanya hivyohivyo kwa sahani ya wali robo kilo uliokwisha iva: wanga gramu 70, GI 70, jibu 49, na 20 tu tayari inahesabiwa kubwa. Umeona tatizo liko wapi, kijiko cha kupakulia.

Sasa namna ya kuitumia. Jedwali lifungue ukiwa unachagua wanga kwa wanga basi, usilinganishe karanga na wali kama nilivyofanya mimi. Ukiweza badili sembe kwa dona, mchele wa kawaida kwa basmati, uji laini wenye sukari kwa kitu cha kutafuna, maana unga ukisagwa laini sana tumbo halina kazi tena, limeshasaidiwa na mashine. Viazi vitamu chemsha, ukichoma au kuoka GI inapanda sana, hili wengi hawalijui wanadhani cha kuchoma ndo cha afya. Ndizi mbichi ya kupika iko chini kuliko iliyoiva.

Lakini kama unataka jambo moja tu la kushika, shika maharage. Maharage, dengu, choroko, kunde, karibu zote ziko chini ya 40, zina protini na nyuzinyuzi, bei yake sio ya kukutoa jasho na zinakaa tumboni. Makande kwangu mimi ndo daieti ya kwanza ya Mtanzania, Wakenya wanaita githeri, mahindi mazima na maharage pamoja, ukila saa saba mchana saa kumi huzungukizungukii kabati la biskuti. Shida ni pale mtu anapoyamwagia nazi nzito na mafuta vijiko vitatu, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta kina kalori kama 120.

Kwenye sahani anza na mchicha au matembele na samaki, ugali uje mwisho. Mwanzoni inaonekana ushamba, ugali unapoa, mke wangu alinicheka wiki nzima, ila sukari inapanda taratibu na unajikuta ugali umebaki bila kujilazimisha. Kukamulia limao kwenye chakula kunasaidia kidogo nako. Kiporo cha wali au viazi kikipoa wanga mwingine unakuwa mgumu kusagwa tumboni, sawa, ila kiweke kwenye friji mapema maana wali uliolala jikoni una bakteria wake, na ukishakikaanga upya na mafuta umerudi palepale.

Je unapungua kweli? GI peke yake, kidogo sana au hamna kabisa. Ilipofanya vizuri ni kwenye kuzuia kilo zisirudi: utafiti mkubwa wa Ulaya uitwao Diogenes, uliotoka 2010, ulichukua watu waliokwisha pungua, na waliokula GI ya chini pamoja na protini nyingi ndo waliokaa vizuri zaidi. Alafu miili haifanani, mwaka 2015 watafiti wa Israeli walipima watu 800 wakakuta chakula kilekile kinampandisha huyu sukari na mwingine wala. Kwahiyo jipime kwa njaa yako, kama umekula kitu na baada ya masaa mawili unatetemekea andazi, hicho hakikufai hata jedwali liseme nini.

Kama unatumia insulini au vidonge vya kisukari usibadili msosi ghafla, ongea na daktari wako kwanza, sukari ikishuka sana ni hatari kuliko kitambi.

Na mizani isikutese kila siku. Chukua futi ya fundi cherehani, pima usawa wa kitovu kila Jumamosi asubuhi kabla ya chai, bila kuvuta tumbo ndani, andika ukutani hapo jikoni karibu na sufuria ya maharage.