Namna ya kutumia “get by” katika Kiingereza
Kitenzi “get by” humhusu mtu anayesukuma maisha kwa kipato au uwezo mdogo, ambaye hajashindwa kabisa lakini pia hana cha kuweka akiba. Kinachowatatiza wengi ni kihusishi kinachofuata: fedha au chakula hutanguliwa na “on”, kama katika “They get by on one salary”, yaani wanajikimu kwa mshahara mmoja, kifaa hutanguliwa na “with”, kama katika “We can get by with one car”, na lugha hutanguliwa na “in”, hivi kwamba anayesema “I get by in French” anakiri, bila kujidhalilisha sana, kwamba Kifaransa chake ni cha kuombea maji. Usiseme “I get by my life”, kwa kuwa katika maana hii kitenzi hakichukui yambwa, yaani nomino inayotendwa inayofuata kitenzi moja kwa moja. Abiria akikuambia “Can I get by?” ndani ya basi, hazungumzii riziki, bali anaomba umpishe. Kwa mgonjwa aliyekuwa mahututi kisha akapona, kitenzi kinachofaa ni “pull through”.