Fidia ya mzimamoto au mhudumu wa ambulensi aliyeumia au kufa kazini: mwongozo kwa familia za Mombasa

Mwaka wangu wa kwanza kama mwakilishi wa wafanyakazi, mwenzetu mmoja alivunjika kifundo cha mguu akishuka kwenye gari la zimamoto usiku, mpira wa maji ukiwa begani. Msimamizi wa zamu aliandika kitabuni maneno mawili: "Aliteleza, akaumia." Hakuandika wapi, akifanya nini, wala gari lilikuwa linaitikia mwito gani. Miezi minane baadaye swali tuliloulizwa lilikuwa moja tu: aliteleza kazini au kwao? Tulizunguka kutafuta mashahidi, na wawili kati yao walikuwa wameshahamishwa. Hela alipata, lakini alichelewa mno, na kosa lilikuwa letu.

Tangu hapo nimeshika faili nyingi za wazimamoto, wahudumu wa ambulensi na waokoaji wa ufuoni. Mara nyingi sheria yenyewe haina ubaya. Pesa hupotea kwenye karatasi za wiki ya kwanza, wakati kila mtu yuko hospitalini au matangani.

Kwanza, jua kama unahusika

Sheria yenyewe ni ya Fidia kwa Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Ofisini kila mtu huiita WIBA, nawe iite hivyo usije ukaonekana mgeni. Inawahusu wafanyakazi wa serikali sawa na wa kampuni binafsi, kwa hiyo mzimamoto wa kaunti na dereva wa ambulensi ya kampuni wote wamo. Wanajeshi hawamo, na wale wa kikosi cha majini cha Mtongwe wana utaratibu wao. Polisi nao wana bima zao kupitia Huduma ya Taifa ya Polisi, hivyo familia ianzie kwa mkuu wa kituo alikokuwa akihudumu marehemu.

Wa kujitolea ndio waliobaki nje, na hili huniuma. WIBA humtambua mtu aliyeajiriwa kwa ujira. Gari lilipozama kwenye kivuko cha Likoni Septemba 2019, msako ulichukua karibu wiki mbili, na baadhi ya wapiga mbizi hawakuwa waajiriwa wa serikali. Mtu kama huyo akiumia chini ya maji, faili yake haina pa kuanzia. Kama kijana wako anaokoa watu pale ufuo wa Pirates na hupewa ujira wowote, hata kwa M-Pesa kila wiki bila mkataba wa maandishi, ahifadhi jumbe hizo. Siku ya shida ndizo zitakazoonyesha kwamba alikuwa na mwajiri.

Hatua ya kwanza: saa ishirini na nne za mwanzo

Mwajiri ajulishwe siku hiyohiyo. Kwa mdomo yakubalika, ila mimi hutaka na maandishi: ujumbe wa simu kwa msimamizi unaotaja saa, mahali, kazi iliyokuwa ikifanywa na nani aliona. Kwa mfano: "Saa tisa usiku, Kongowea, akiingiza mpira wa maji dukani, dari likamwangukia bega la kushoto, fulani na fulani walikuwepo." Sentensi kama hiyo itakufaa kuliko wakili.

Kama ni ajali ya barabarani, vurugu au kifo, nenda kituo cha polisi uandikishe kwenye OB, kitabu cha matukio, na uondoke na namba. Usikubali kuambiwa "rudi kesho".

Hospitalini, mweleze daktari kwamba ameumia kazini, naye aandike hivyo. Tangu Oktoba 2024 ambapo SHA, bima ya afya ya taifa, ilichukua nafasi ya NHIF, dawati la mapokezi huuliza SHA kwanza. Jibu, lakini sema pia kwamba ni ajali ya kazini, kwa sababu gharama za matibabu ni za mwajiri: daktari, dawa, mikongojo, kiungo bandia, hata nauli ya kwenda kliniki. Nauli hiyo watu huisahau. Mtu anatoka Mtongwe hadi Hospitali Kuu ya Pwani mara mbili kwa wiki kwa miezi mitatu, matatu na tuktuk, asiandike hata safari moja. Nunua daftari la shule uandike kila safari na tarehe yake.

Hatua ya pili: fomu, na siku saba

Mwajiri ana siku saba kuripoti ajali kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, kupitia ofisi yake iitwayo DOSHS. Fomu inaitwa DOSH/WIBA 1. Sehemu ya kwanza hujazwa na mwajiri, ya pili na daktari. Wazee bado huiita LD 104, jina la zamani, usishangae ukitumwa ukalete LD 104.

Hapa ndipo fomu hulala. Karani amesafiri, muhuri uko kwenye kabati lililofungwa, bosi yuko semina Nairobi. Nenda siku ya tatu, usingoje ya saba. Nenda na barua fupi ya kuomba nakala ya fomu iliyojazwa, na nakala yako ya barua igongwe muhuri wa kupokewa. Ukiona wanazungusha, peleka taarifa DOSHS mwenyewe. Dai lenyewe lina muda wa miezi kumi na miwili tangu siku ya ajali, au tangu siku ya kifo.

Soma sehemu ya mshahara kabla fomu haijaondoka. Ovataimu ya kila mwezi na malipo mengine ya kawaida huhesabiwa kwenye mapato. Makarani wengi huandika mshahara wa msingi peke yake, si kwa ubaya, ni mazoea. Ambatisha pesilipu za miezi ya karibuni.

Hatua ya tatu: asilimia

Aliyeumia akakaa nyumbani siku tatu au zaidi ana haki ya kuendelea kulipwa mapato yake, kwa kipindi kisichozidi miezi kumi na miwili. Akibaki na ulemavu wa kudumu, daktari huupima kwa asilimia, kisha hesabu hufanywa kwa mapato ya miezi 96.

Tuseme anapata shilingi 32,000 kwa mwezi. Zidisha kwa 96, ni 3,072,000. Daktari akiandika asilimia 15, fidia ni 460,800. Akiandika asilimia 10, ni 307,200. Tofauti ya asilimia tano ni zaidi ya laki moja na nusu, na daktari anaandika kile anachokiona siku hiyo.

Kwa hiyo usikimbilie kupimwa bega likiwa bado bendejini, wala usiende umejikaza kiume. Nimeona mzimamoto mkubwa mwenye mwili akiulizwa kama anaweza kuinua mkono, akauinua huku jasho likimtiririka, akaandikiwa kidogo. Ukihisi maumivu, sema. Ukishindwa kulala upande mmoja, sema hilo pia.

Hatua ya nne: ikiwa amefariki

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa familia zetu za Pwani huumia mara mbili.

Kwetu maiti haikawii. Amefariki alfajiri, jamaa wanataka azikwe baada ya alasiri, na mimi sina neno juu ya hilo. Lakini kifo cha kazini kitaulizwa chanzo chake. Mtu amevuta moshi, akaanguka, akafia njiani. Asipochunguzwa, kesho bima itasema alikuwa na moyo mbovu. Nimekaa baraza moja na mjomba wa marehemu aliyekuwa akinitazama kama shetani kwa kutaja tu uchunguzi. Nilimwambia, "Mzee, sikuja kuchelewesha janaza. Naomba mtu mmoja tu aje nami mochari sasa hivi, kabla ya maiti kutolewa." Alinipa mpwa wake. Tulimwona daktari, tukamweleza kwamba ni kifo cha kazini na kwamba mazishi ni leo, polisi wakaja, uchunguzi ukafanywa mchana. Kaburi lilifukiwa magharibi ikiingia. Basi mtafute daktari mapema na umwambie saa ya mazishi, asubuhi isiishe watu wakibishana barazani.

Kibali cha mazishi na cheti cha kifo ni karatasi mbili tofauti. Watu wakishazika hukitia kibali kwenye msahafu wakadhani yamekwisha. Fuatilia cheti.

Halafu kuna eda. Mjane atakaa ndani miezi minne na siku kumi, na saa ya ile miezi kumi na miwili haisimami kumngoja. Dai laweza kupelekwa kwa niaba ya mdai. Chagueni ndugu mmoja mwenye subira na anayejua kusoma fomu, mjane amwandikie barua na nakala ya kitambulisho chake. Mmoja tu. Nimeona faili moja yenye mashemeji watatu, kila mmoja na barua yake, na DOSHS wakaiweka kando mpaka waelewane.

Barua ya chifu inayotaja wategemezi iwe kamili. Kama kuna wake wawili, waandikwe wote na watoto wao. Mke wa pili akijitokeza baadaye na cheti cha kadhi, kila kitu husimama. Fidia ya kifo ni mapato ya miezi 96 kwa wategemezi, pamoja na gharama za mazishi kwa kiwango kilichowekwa, kwa hiyo weka risiti za sanda, gari na hata za kuchimba kaburi.

Hatua ya tano: kungoja, na kupinga

Mkurugenzi akishadai kwa mwajiri au bima, wana siku 90 za kulipa. Pesa zikimfikia, naye ana siku 30 za kukukabidhi. Andika tarehe hizo ukutani. Usiporidhika na uamuzi, una siku 60 za kupinga kwa maandishi, naye ana siku 14 za kujibu. Jibu nalo likikukera, una siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina majaji hapahapa Mombasa.

Na wale wanaovizia wodini wakiahidi kesi ya mamilioni? Mahakama ya Juu ilishasema Desemba 2019 kwamba madai haya huanzia kwa Mkurugenzi. Anayekutaka utie sahihi leo ili aende mahakamani kesho, mwambie akusomee uamuzi huo.

Pesa nyingine zisizo za WIBA

Mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambazo hakuzichukua, bima ya maisha ya kikundi kama mwajiri anayo, na mafao ya mfuko wa uzeeni, LAPFUND, LAPTRUST au NSSF, kutegemea alikokuwa akichangia. Kila moja ina fomu yake na mlango wake. Kwenye pensheni, tazama jina aliloandika kama mrithi siku alipoajiriwa. Wengine waliandika mama zao wakiwa na miaka ishirini na mbili, wakaoa, wakasahau.

Kabla hujatoka nyumbani na bahasha yako, panga vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa vya watoto mezani, usome majina herufi kwa herufi. Baba ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti cha mtoto, Mohammed kwenye pesilipu. Kwako ni mtu mmoja, kwa benki ni watatu. Hati ya kiapo ya kuyaunganisha hutengenezwa kwa asubuhi moja, na ukiipeleka pamoja na faili, hutarudishwa kutoka dirishani.