Macho Manjano, Kipimo cha Homa ya Ini B Hakioni Kitu: Fanya Hivi

Mgonjwa amefika zahanati ya Malindi, macho yameiva kama bizari, mkojo rangi ya chai kavu. Kipimo cha haraka cha homa ya ini B kimetoa mstari mmoja tu, yaani hakikuona virusi. Usilifunge faili. Akisinzia ovyo, akichanganyikiwa au akivuja damu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Kwanza kagua tarehe ya kipimo, na kama boksi lilikaa kwenye joto lililozidi nyuzi 30. Joto la pwani huviharibu vipimo kimyakimya. Rudia kwa kingine. Ulizia dawa za TB, panadol nyingi, mitishamba, pombe na muguka (aina ya miraa), tena kwa upole, maana ukifoka hakwambii. Pima homa ya ini A, C na E.

Sababu isipoonekana, shuku virusi B vilivyogeuka. Kipimo cha haraka husaka antijeni, yaani protini ya ganda la virusi. Kimeng'enya kinachonakili jeni za virusi hakisahihishi makosa, na kosa moja latosha: pale penye glisini namba 145, kiungo kimoja cha protini hiyo, pakiingia kiungo kingine, arjinini, umbo la ganda hubadilika na huenda kipimo kisilinase. Geuko hili liliripotiwa Italia mwaka 1990, kwa mtoto aliyechanjwa. Hata hivyo chanjo inakinga watoto wengi mno. Asikuzuie mtu kuchanja.

Agiza kipimo cha kingamwili za kiini cha virusi (anti-HBc), zote kwa jumla. Kugeuka kwa ganda hakuzigusi. Zikionekana, agiza kipimo cha DNA ya virusi. Na shaka ikibaki, agiza hata zisipoonekana.

Kwa kipimo cha DNA, jaza damu chupa ya EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande) yenye kifuniko cha zambarau, igeuze taratibu mara 8. Tenganisha plazma (maji ya damu) na seli ndani ya saa 24, ndipo uiweke kwenye nyuzi 2 hadi 8. Anayetuma kutoka Lamu atenganishe kabla ya boti ya Mokowe. Damu nzima isiguse barafu: ikiganda kwa baridi, seli hupasuka na sampuli huharibika.

DNA nyingi pamoja na ALT (kimeng'enya cha ini kwenye damu) iliyopanda, mpe rufaa ya matibabu. DNA ikionekana lakini iko chini ya IU 200 kwa mililita, virusi vimejificha, lakini endelea kutafuta sababu nyingine ya umanjano. Anayetumia tenofovir au lamivudine kwa ajili ya HIV anaweza kuonekana hana kitu kwa sababu dawa imevibana virusi. Usimkatishe dawa hizo. Virusi vikifunguliwa ghafla ini huweza kuwaka. Andika matokeo ya kiini kwa kalamu nyekundu juu ya faili, ayaone daktari kabla ya kumwanzishia dawa za saratani au rituximab, dawa inayopunguza kinga ya mwili.