Kusafisha choo cha paka bila kuambukizwa toksoplasma

Toa kinyesi kila siku, usingoje kijae. Mayai ya toksoplasma, kimelea kinachotoka na kinyesi cha paka, hayaambukizi yakiwa yametoka punde. Huhitaji siku 1 hadi 5 kukomaa, kwa hiyo anayesafisha mapema huyawahi. Vaa glavu, funga kinyesi kwenye mfuko, kisha mwagia chombo maji yanayochemka. Wengi hutegemea dawa ya klorini, nayo haiyaui. Mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hii. Nyama nayo ipikwe hadi iive ndani, maana kimelea hupitia huko pia, hata kwa asiyefuga paka.

Na zile habari kwamba kimelea hiki hubadilisha tabia ya aliyeambukizwa? Panya walioambukizwa hupungukiwa na woga wa harufu ya mkojo wa paka. Kwa binadamu, tafiti zimeonyesha uhusiano tu; kwamba kimelea ndicho chanzo, bado haijathibitishwa.