Somo: Matembezi ya hisani ya vilimani Kigoma, hatua kwa hatua

Somo hili ni la kundi la watu 30 hadi 50, watoto na wazee wakiwemo, wanaotaka kupanda vilima vinavyotazama Ziwa Tanganyika ili kuchangia, tuseme, madawati ya shule. Safari za namna hii huharibikia kwenye hesabu mbili: ya pesa na ya watu. Miguu huja baadaye.

Hatua ya 1: Pesa (wiki sita kabla). Muulizeni kwanza mwalimu mkuu shule inahitaji nini, kisha fundi seremala awape bei kwa maandishi. Baada ya hapo tenganisheni mifuko miwili. Mfano: watu 40, gharama ya usafiri, maji na chakula sh. 8,000 kwa kila mmoja. Hiyo 320,000 ni ada, wanailipa watembeaji wenyewe, mchango hauguswi. Mkichanganya, gharama za safari zitakula madawati. Simu ya kupokelea pesa ashike mmoja, daftari mwingine, na picha ya daftari itumwe kwenye grupu la WhatsApp kila Jumapili.

Hatua ya 2: Taarifa. Mwenyekiti wa mtaa au kijiji kwanza, kwa sababu njia zinapita kwenye mihogo na michikichi ya watu. Polisi wanatakiwa kupata taarifa ya maandishi angalau saa 48 kabla. Pelekeni wiki nzima kabla. Mkichangisha nje ya ndugu na marafiki, ulizeni ofisi ya mkuu wa wilaya kuhusu kibali. Vilima vya Gombe ni hifadhi ya taifa, vina viingilio na waongozaji wake. Hakuna njia ya panya.

Hatua ya 3: Kukagua njia na kupanga saa. Watatu waipite yote wiki moja kabla, waangalie vivuli, njia panda, na mahali ambapo bodaboda inaweza kufika kumchukua aliyeumia. Hesabu ya muda: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda, kisha zidisha mara mbili kwa sababu ya watoto. Njia ya kilomita 8 kwenda na kurudi, yenye mwinuko wa mita 300, itachukua saa 4 na dakika 12. Ongeza nusu saa ya kupumzika.

Chagueni Juni hadi Agosti. Masika udongo unateleza na radi haina adabu. Msinakili ratiba ya Dar. Kigoma ni magharibi kabisa, miezi hiyo jua linachomoza baada kidogo ya saa 1 asubuhi na kufika utosini saa 7 mchana. Mkianza saa 11 na nusu mtawatembeza watoto gizani. Anzeni saa 1. Kabla ya saa 6 mmeshashuka.

Hatua ya 4: Watu. Gaweni vikundi vya watu kumi. Wa mbele asiwe mwenye mbio; nyuma yake mara moja awekwe mtembezi wa taratibu kuliko wote, na hakuna kumpita. Wa mkia abebe filimbi na huduma ya kwanza. Kila mtu apewe namba aitaje kwa sauti kwenye kila njia panda, maana vichwa vinavyosogea havihesabiki. Wanaopotea mara nyingi ni walioenda kuchimba dawa: anayeingia kichakani aache begi lake njiani, ili wa mkia ajue kuna mtu.

Hatua ya 5: Mzigo na miguu. Maji lita 2 hadi 3 kwa mtu mzima, ndizi, karanga, viazi vitamu vya kuchemsha. Viatu vipya vibaki nyumbani. Kucha zikatwe siku mbili kabla. Kabla ya kushuka, kaa chini, gonga kisigino ili mguu urudi nyuma ya kiatu, kisha kaza kamba za juu karibu na kifundo. Usipofanya hivyo vidole vitagonga mbele hadi kucha ziwe nyeusi. Kwenye changarawe piga hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo, usiegemee nyuma. Kuegemea nyuma ndiko kunakoangusha.

Maswali ya wanakikundi

*Mkuu, mwanangu ana miaka sita. Aje?*
Aje, mama, ila panga mahali pa kugeukia katikati ya njia, na awepo mtu mzima wa kurudi naye. Usimbebe mgongoni wakati wa kushuka. Mkianguka mnaanguka wawili.

*Kichwa kikiuma ni urefu wa mlima?*
Hapana. Ziwa lenyewe liko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, na ugonjwa wa mwinuko kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Hilo ni jua na kiu. Kaa kivulini, kunywa ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), paketi 1 kwa lita 1 ya maji safi. Akianza kuongea ovyo, mloweshe maji, mpepee, mshusheni hospitali haraka.

*Kiangazi watu wanachoma nyasi. Tukiona moshi chini yetu?*
Msikimbilie juu, moto hupanda mlima haraka kuliko mtu. Ondokeni kwa ubavu, mwende penye udongo mtupu au palipokwisha kuungua. Pigeni 114.

*Na walioahidi wasipotoa?*
Wapeni siku 14 baada ya matembezi, kisha fungeni daftari. Agizeni madawati ya pesa iliyopo mkononi, na risiti ya fundi iwekwe kwenye grupu siku hiyohiyo.