Somo: Kupima artemisinini katika majani ya qinghao kwa kromatografia

Qinghao, yaani Artemisia annua, ni mmea wa tiba ya jadi ya China ambamo Tu Youyou alipata artemisinini, dawa ya malaria iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Alifanikiwa mwaka 1971 alipoacha kuchemsha majani na kutumia etha, kiyeyusho kinachochemka kwa joto dogo, kwa joto la chini, akiongozwa na maandishi ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, aliyeagiza mmea uloekwe majini na kukamuliwa. Tahadhari hiyohiyo ndiyo msingi wa kipimo chetu cha kromatografia, yaani kutenganisha vitu vya mchanganyiko kwa mashine ili kila kimoja kipimwe, kwa kuwa artemisinini ikiunguzwa mapema, hata mashine bora itatoa jibu la uongo.

Kwanza, kausha majani kivulini, yasage, uchekeche, kisha upime gramu 1 ya unga. Loweka katika heksani, kiyeyusho cha vitu vya mafuta, ndani ya bafu la mawimbi ya sauti ya masafa ya juu kwa dakika 30, uchuje, urudie kwa heksani mpya, na uchanganye michujo yote miwili. Ivukize kwa shinikizo dogo, joto lisizidi nyuzi 40 za Selsiasi. Yeyusha masalia kwa asetonitrili, kiyeyusho kingine, hadi mililita 10 kamili, uchuje tena.

Pili, kwenye mashine tumia kolamu ya C18 (bomba lenye chembe zinazotenganisha vitu), asetonitrili sehemu 60 kwa maji sehemu 40, mililita 1 kwa dakika, na mwanga wa nanomita 210. Pitisha kwanza miyeyusho ya artemisinini safi ya viwango vinavyojulikana, uchore mstari wa eneo la kilele (mwinuko ambao kila kitu huacha kwenye mchoro wa mashine) dhidi ya kiwango, ndipo uingize sampuli. Mstari ukionyesha miligramu 0.6 kwa mililita, mililita 10 zina miligramu 6, yaani asilimia 0.6 ya unga uliopimwa.

Swali: Mwalimu, kilele changu ni kidogo na kimegusana na kingine. Nifanyeje?

Jibu: Artemisinini hufyonza mwanga kwa udhaifu mkubwa, na kwenye nanomita 210 vitu vingi vya majani huonekana pamoja nayo. Ibadilishe kwa alkali, kisha asidi, upate kampaundi inayosomeka vizuri kwenye nanomita 260. Miyeyusho rejea nayo ipitie hatua hizohizo.

Swali: Nitajuaje kwamba heksani imetoa artemisinini yote?

Jibu: Ongeza kiasi unachokijua cha artemisinini safi kwenye unga wa sampuli ya pili kabla ya kuloweka. Kisiporudi karibu chote, usiandike matokeo.

Swali: Je, kipimo hiki kinaweza kuidhinisha chai ya majani haya kwa mgonjwa wa malaria?

Jibu: Hapana. Artemisinini huyeyuka kidogo sana majini, na kiasi chake hutofautiana kati ya mavuno, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya majani hayo kutibu malaria. Mgonjwa apimwe na apewe dawa mseto hospitalini.