Namna ya kumtambua mungu kwenye pete ya fedha ya Kirumi

Nimeandika haya baada ya kumsaidia mwanafunzi kuorodhesha pete za fedha zenye vito vya akiki vilivyochongwa. Ni za aina ile iliyopatikana Snettisham, Uingereza, mwaka 1985, ndani ya chungu cha sonara wa karne ya 2 BK.

1. Usiing'arishe. Weusi si lazima uwe uchafu. Warumi walijaza michoro kwa nielo, ambayo ni fedha na salfa, sawa na kutu nyeusi ya fedha. Dawa ya kung'arishia haibagui, itaondoa vyote viwili. Usafi mwachie mhifadhi wa makumbusho.

2. Piga picha. Kamera itulie, taa moja itoke juu kwa ubavu.

3. Geuza picha kushoto-kulia. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Pete hizi zilikuwa mihuri. Fundi alichonga kinyume ili picha itokee sawasawa kwenye nta, kwa hiyo ukisoma jiwe lenyewe, mkono wa kulia wa mungu utauona kama wa kushoto. Fortuna, mungu wa kike wa bahati, kwa kawaida hushika usukani wa meli kwa mkono wa kulia na pembe iliyojaa matunda kwa wa kushoto. Ukimwona amebadilisha, huenda hujageuza picha. Lakini mchongo uliochomoza juu ya jiwe, au sura iliyofuliwa kwenye fedha yenyewe, usiigeuze kamwe. Na kuwa macho na mwanga: taa ikiwa chini, mchongo uliozama huonekana umechomoza. Ukiwa na shaka, inamisha pete utazame ukingo wa mchongo kwa lenzi. Wapo wanaokandamiza plastisini juu ya kito. Mimi siafiki hata kidogo: huacha mafuta, na kito kilicholegea kinaweza kung'oka. Simu inageuza picha bila kugusa chochote.

4. Soma alichoshika, si uso. Uso kwenye jiwe dogo kuliko ukucha hausemi kitu. Mfuko wa pesa na fimbo yenye nyoka wawili: Mercurius, mungu wa biashara. Tai na radi: Jupiter, mfalme wa miungu. Mabawa, shada na kuti la mtende: Victoria, mungu wa kike wa ushindi. Kijana uchi mwenye sahani na masuke ya ngano: Bonus Eventus, mungu wa mafanikio. Kofia ya chuma pekee haitoshi, kwani Mars, mungu wa vita, na Minerva, mungu wa kike wa hekima, wote huivaa, na hata Venus, mungu wa kike wa mapenzi, huishika mkononi. Tazama mavazi na umbo la mwili.

5. Andika maelezo. Kila unapotaja kulia au kushoto, eleza kama ni kwenye kito au kwenye chapa yake ya nta.